Ua la Uani

Mbegu tano alinipa Mwanashee wa Matondoni,
zimefungwa kwenye pindo la leso, kama deni.
"Usizikaushe," akasema. "Mbegu ya mkilua
ikikauka imekwenda, haina marejeo."

Nne zilioza. Sikuzililia;
miaka thelathini na moja nimezalisha Langoni,
najua hesabu za Mungu hazisahihishwi.
Ya tano ilitoa kichwa siku ya arubaini na nane,
kichwa kimepinda, kijani cha kufifia,
nikasema: huyu njiti.

Na njiti nawajua.
Haoneshwi jua, hapigwi na upepo,
wala hafunuliwi kila anayebisha hodi.
Nikamtia kwenye kopo la samli, nikatoboa chini,
nusu mchanga, nusu samadi iliyolala mwaka,
nikamweka pembeni mwa ua, kivulini mwa birika,
ambako jua humfikia asubuhi tu,
likishavuka wikio la kina Bakathiri.

Maji ya kisima chetu, wenye mji mnayajua:
chai ya kwanza humkunja mgeni uso.
Alipoyanywa, ncha za majani zikaungua kama karatasi.
Basi nikamtengea ya mvua, madumu mawili chini ya kitanda,
na mvua ilipokata, maji yaliyooshewa mchele.
Mjukuu wangu Swabra akanicheka:
"Bibi, sisi twanywa chumvi, mti wanywa tamu?"
Nikamwambia, wewe umeshaota.

Kusi ilipovuma nilimzungushia gunia.
Mwaka wa kwanza: shubiri moja.
Wa pili: shubiri na vidole vitatu.
Niliandika kwenye daftari lile lile la kliniki,
safu ya uzito nikaiacha wazi.

Mwaka wa tatu, akinifika kiunoni,
nilikwenda hitimani Mtamwini.
Mlango wa nyuma ukasahauliwa,
na punda wa Famau Kale, yule wa sikio lililopasuka,
akaingia kwa adabu zote, bila hodi,
akamla.
Majani, matawi, hata gunia akalionja.
Kikabaki kijiti, urefu wa mpini wa mwiko.

Lugha yetu ina neno ua:
lichanualo, na pale tuanikapo nguo,
na lile jingine, la kuamrisha,
ambalo jioni ile nililirudia
mchi u mkononi, nautazama mlango.
Famau akaja, kofia ameivua.
"Niwiya radhi, Bibi. Punda haoni
tofauti ya mkilua na nyasi."
Sikumjibu. Nilifunga mlango, nikafunga na daftari.

Lakini mkono una mazoea yake.
Uliyaona maji ya mchele, ukayachukua,
ukakimwagia kijiti, kila siku,
mimi nikiangalia pengine.

Wiki ya tisa macho matatu yakatumbuka penye jeraha,
matatu, pale palipokuwa na moja.
Yakawa matawi.
Lile nililokuwa silithubutu
na mkasi wangu wa vitovu, uliochemshwa,
punda alilifanya kwa meno.

Juzi, baada ya isha, nilidhani mtu amefungua kichupa.
Nikamnusa Swabra: siye.
Nikanusa leso yangu: vitunguu.
Nikaifuata pua hadi birikani, na taa ya simu.
Moja tu, limeinama kama mtu anayetafuta kiatu,
manjano ya nta, wekundu kidogo shinani,
si zuri sana, nisiseme uongo.
Sura si kazi yake.

Asubuhi nikalichuma.
Si la nywele zangu, zilizobaki hazishiki kitu.
Si la mto wa Swabra; atangoja la pili.
Nililiweka kwenye sahani, kando ya mikate ya mofa,
likaenda kwa Famau na salamu hizi:
La punda hili. Na ukipata gunia la samadi,
iliyolala, si mbichi,
mlango wa nyuma waujua.
Ila uje wewe, ubishe hodi.
Yeye abaki.